Kumi la Mwisho na Toleo la 3.5

Mwaka 2019 nilikuwa nikifanya kazi katika ofisi ndogo ya ghorofani, karibu na Marikiti. Tulikuwa na programu ya kuwapangia zamu madereva wa malori wanaochukua makontena bandarini, imeandikwa kwa TypeScript, lugha ya kuandikia programu. Toleo la 3.5 la lugha hiyo lilitoka tarehe 29 Mei, Ramadhani imo kwenye kumi la mwisho. Kwa kiherehere changu nikalisakinisha siku ya pili yake, saa tisa alasiri, koo limekauka.

Kompaila, ile inayokagua na kutafsiri msimbo, ikatema makosa 41. Msimbo sikuwa nimeugusa hata nukta.

"Wameiharibu," nikamwambia Ami. Hakuwa ami yangu wa damu. Ofisi nzima ilimwita hivyo kwa mvi zake. Nikaukata msimbo kipande kipande nipate ushahidi, hadi nikabakiwa na mistari miwili: fanksheni soma<T>, inayopokea maandishi ya JSON (muundo wa data inayotoka kwa seva) na kurudisha T, yaani aina ya data atakayoitaja mwenye kuiita, na mstari unaoiita bila kutaja T ni nini. Toleo la 3.4 lilisema jibu ni la aina {}, yaani thamani yoyote iliyopo. La 3.5 likasema unknown, yaani haijulikani ni nini, na juu ya unknown huruhusiwi kuita hata toString, ya kuigeuza thamani kuwa maandishi. Nikaanza kuandika malalamiko, tena kwa Kiingereza kikali.

Ami akaja akasimama nyuma ya kiti, tasbihi mkononi. "Ushasoma maelezo ya toleo, mwanangu?"

Sikuwa nimesoma. Yalikuwamo, na mfano wake ni kama walionichungulia: kigezo cha jeneriki (kama ile T yangu) kisichowekewa mpaka wala chaguo-msingi, kompaila ikikosa pa kukisia, sasa huwa unknown. Wamekusudia. Nikayafuta malalamiko kimyakimya.

"Na seva ikirudisha null, yaani hakuna kitu?" Ami akauliza.

Kwa {} kompaila ilikuwa ikiamini kwamba null haiwezi kutoka pale, hali JSON yenyewe inairuhusu. Nikamkumbuka dereva mmoja aliyekuwa akitupigia wiki nzima, simu yake inaonyesha ukurasa mweupe mtupu. Tulimwambia abadilishe bando.

Dawa ilikuwa kupita sehemu zote 41, moja moja. Lakini harufu ya viazi karai ilikuwa ishapanda ngazi. Nikaandika soma<T = {}>; chaguo-msingi likarudisha tabia ya zamani, makosa yote yakatoweka. Juu yake nikaacha mstari: "Tutengeneze baada ya Idi."

Nilipoacha kazi pale, miaka miwili baadaye, ule mstari ulikuwa papo hapo.