Siku moja na Bosi wa Trei: wapi pa kula chakula cha Asia kwenye jengo la maduka

Saa 2:30 asubuhi

Naingia kwa mlango wa nyuma, upande wa kupakulia mizigo. Maduka bado yamefungwa. Waliomo ndani ni wazee wachache wanaokuja kutembea kwa ajili ya afya, maana sakafu ni tambarare na jua haliwafikii. Mimi nasimamia zamu ya usafi kwenye ukumbi wa chakula wa jengo la maduka lililoko pembezoni mwa mji: meza, sakafu, mapipa na trei. Wapishi wananiita Bosi wa Trei. Sijaajiriwa na kaunta yoyote, kwa hiyo simpigii mtu debe. Ila kila kinachobaki kwenye sahani kinapita mikononi mwa timu yangu, na mabaki hayajui kudanganya.

Wageni wakishaniuliza vyoo viko wapi, swali linalofuata huwa ni hili: tukitaka chakula cha Asia, twende kaunta gani? Nami huwauliza: mnakula saa ngapi?

Saa hizi pua ndiyo inayofanya kazi. Kwenye kaunta ya Kivietinamu taa zimeshawaka, na sufuria la mifupa ya ng'ombe linachemka polepole pamoja na vitunguu na tangawizi vilivyobabuliwa motoni, mdalasini, karafuu na kile kiungo chenye umbo la nyota. Supu ya pho ni kazi ya saa nyingi. Anayewasha jiko saa nne hawezi kuwa na supu ya maana saa sita, labda awe ameipika jana. Kaunta nyingine zote bado giza.

Saa 3:15

Malori yanashusha mizigo. Kama ningeruhusiwa, ningewaleta wateja wote wasimame hapa dakika kumi tu. Kaunta moja inapokea magunia ya unga, kabichi na nyama. Ya jirani inapokea maboksi ya gyoza, vile vifuko vya unga vya Kijapani vyenye nyama na kabichi ndani, zilizogandishwa tayari. Nyingine inashusha ndoo za supu nzito ya ramen, yaani tambi za Kijapani za kwenye supu, ambayo kazi yake jikoni ni kuongezewa maji ya moto tu.

Simlaumu mtu. Jiko la ukumbi wa chakula ni dogo, kodi ni kubwa, na gyoza iliyogandishwa ikikaangwa vizuri upande mmoja kisha ikafunikwa iive kwa mvuke, inalika bila malalamiko. Kinachoniudhi ni bango la "imetengenezwa kwa mkono" juu ya boksi nililolibeba mwenyewe. Mteja asiyefika upande wa nyuma ana njia rahisi ya kujua: atazame mikono. Mahali wanapokunja vifuko vya unga mbele yako, kula. Mahali ambapo vinatokea tu kwenye trei, kula ukijua unachokula.

Saa 4:00

Milango ya maduka inafunguliwa. Wapishi wanashughulika na wali, na hapa ndipo namtambua mwenye nidhamu. Wali wa kukaanga unapendeza ukitumia wali wa jana, kwa sababu punje zimekauka na hazing'ang'aniani kwenye karai. Lakini wali wa jana unatakiwa uwe umepoozwa haraka na kulala kwenye friji. Ukiachwa mezani usiku kucha, bakteria aitwaye Bacillus cereus huzaliana na kutoa sumu ambayo hata ukiupasha moto upya haiondoki. Wali wa sushi una habari yake: siki inayochanganywa humo inaongeza ladha na pia inawabana bakteria.

Kaunta ninayoiamini inatoa wali kwenye friji ukiwa kwenye vyombo vya kina kifupi vilivyoandikwa tarehe. Vyombo hivyo naviona kwa sababu friji yao inatazamana na stoo yangu ya mifagio.

Saa 5:30

Kijana anasimama na kijiti cha meno chenye kipande cha kuku wa chungwa na kuwaonjesha wapita njia. Mchezo huu ni wa zamani. Panda Express, mtandao wa migahawa ya Kichina wa Marekani, walifungua kaunta yao ya kwanza mwaka 1983 ndani ya Glendale Galleria, jengo la maduka kule California, na kuku wa chungwa akaingia kwenye orodha yao mwaka 1987. Tangu hapo kuku mkavu kwa nje na mtamu kwa sosi amekuwa uso wa chakula cha Kichina katika majengo ya maduka, ingawa mtu akisafiri kwenda China kumtafuta atazunguka sana.

Mimi simdharau. Saa hii ametoka kwenye mafuta sasa hivi na bado anavunjika mdomoni. Mtu akinishika saa tano na nusu na ana njaa, namwambia amle huyu.

Saa 6 hadi saa 8 mchana

Sasa kazi. Ofisi za jirani zinamwaga watu, wauza viatu na wauza simu wanashuka kwa mapumziko mafupi, na trei zinarudi haraka kuliko tunavyoweza kuzifuta.

Watu wengi wanakimbia foleni. Mimi nawaambia wakae kwenye foleni, hasa ile ya karai. Chakula cha karai kinahitaji moto mkali na kiasi kidogo kwa wakati mmoja. Mboga ziguse chuma, ziungue kidogo pembeni, zitoke. Foleni ikiwepo, mpishi anapika tena na tena na hakuna kinachokaa. Foleni ikikatika, sahani hiyo hiyo inamiminwa kwenye chombo kilichokalia maji ya moto, na hapo mambo yanabadilika. Vyombo vile vinatakiwa kuweka chakula juu ya nyuzi 60 hivi za Selsiasi ili kiwe salama. Usalama unapatikana, lakini mvuke unaendelea kupika: brokoli inageuka rangi ya jeshi, tambi zinakunywa mchuzi wote, na ganda la kuku linalegea.

Haya nayasoma kwenye trei. Mboga za karai zinarudi sahani tupu, hata za watoto. Mboga za kwenye mvuke zinarudi zimesukumwa pembeni. Tambi za kukaanga zilizochotwa saa sita kamili zinaisha. Zilizochotwa saa nane kasorobo zinarudi nusu, zimeshikana bonge moja. Bakuli za pho zinarudi hazina kitu, zimebaki vijiti na kipande cha ndimu kilichokamuliwa. Bakuli za ramen zinarudi na supu nyingi, na sijaamua bado kama ni chumvi au ni watu tu kushiba tambi.

Kuna mama mmoja, mteja wetu wa kila mara, anayesimama mbele ya kaunta bila kuagiza mpaka aone chombo kipya kinaletwa kutoka jikoni. Vijana wa kaunta wanamcheka, ila mimi namvulia kofia. Tena siku hizi hata hasubiri kuona, anauliza tu, "Mwanangu, hiki kimetoka saa ngapi?" Na anajibiwa kwa heshima.

Saa 9:00

Zamu yangu ya kula. Foleni zimekwisha, kwa hiyo sigusi kitu cha kukaanga wala mboga za majani. Huu ni wakati wa vyakula vinavyostahimili kungoja: kari ya Kihindi ya dengu au ya mbuzi, kari nzito ya Kijapani, massaman ya Kithai yenye viazi na karanga. Hivi vikikaa kwenye moto mdogo havipotezi kitu, na vingine vinazidi kukolea. Biriani nayo huvumilia, mradi sufuria limefunikwa. Watu husahau kwamba India na Pakistani nazo ni Asia. Wanauliza chakula cha Asia huku wameipa mgongo kaunta ya Kihindi.

Leo nimechukua dengu na naan. Naan naagiza itolewe kwenye tanuri nikiwa nimesimama pale pale. Ikikaa inakuwa mpira.

Saa 10:00

Wanafunzi wametoka shule na kaunta ya chai ya lulu imezingirwa. Chai hii ilianzia Taiwan miaka ya 1980, na maduka mawili ya kule, moja la Taichung na jingine la Tainan, yamegombea miaka mingi kila moja likisema ndilo lililoivumbua. Lulu zenyewe ni wanga wa muhogo. Zikichemshwa na kulowekwa kwenye sukari zinabaki laini kwa saa chache tu, kisha zinakuwa ngumu katikati. Saa kumi ndiyo saa yake, kwa sababu sufuria halipumziki. Usiku naziona zimebaki chini ya vikombe, zimeachwa zote.

Saa 11:30

Natoka kidogo kupeleka fomu upande wa pili wa jengo, na huu ndio upande ninaotamani watu waujue. Chakula cha Asia hapa hakiishii kwenye ukumbi wa chakula. Duka la vyakula vya Asia, lile lenye magunia ya mchele na samaki hai kwenye matangi, lina kona yake nyuma kabisa, baada ya mboga: meza chache za plastiki na picha za chakula zilizofifia ukutani. Wanaokula pale ni wale wale waliokuja kununua kimchi, ile kabichi ya Kikorea iliyochachushwa kwa pilipili, na majani ya mchaichai, na wapishi wanalijua hilo. Ukiwa na nusu saa na huna haja ya mandhari, nenda huko kwanza.

Halafu kuna migahawa yenye milango ya nje, inayotazama maegesho ya magari. Hii ndiyo ya kukaa. Din Tai Fung ya Taiwan, maarufu kwa vifuko vyenye supu ndani na mikunjo 18 kila kimoja, ilifungua mgahawa wake wa kwanza Marekani mwaka 2000 pale Arcadia, mji wa California, na baadaye ikahamia ndani ya jengo la maduka la huko huko. Sushi ya kwenye mkanda unaozunguka nayo inafaa sana mahali kama hapa. Yoshiaki Shiraishi aliianzisha Osaka mwaka 1958, na watoto wanatulia wakitazama sahani zikipita. Sharti langu ni moja: mkanda uwe na watu. Mkanda mtupu unazungusha samaki wale wale.

Saa 1 usiku

Familia na wanaokwenda sinema. Kwa watu wanne au zaidi nawaelekeza nje, kwenye chungu cha kuchemshia mezani au nyama choma ya Kikorea. Pale kila mtu anapika chake na hakuna kinachongoja kwenye mvuke.

Saa 3 usiku

Kaunta zinapunguza bei. Kari iliyopunguzwa nanunua. Kuku wa kukaanga namuacha. Sushi ya kwenye friji ya wazi natazama kwanza kibandiko cha saa iliyofungashwa, na kama ni ya asubuhi naipita, maana wali umeshakuwa mgumu.

Simu inaita. Ni dada yangu, kesho anakuja na watoto kununua viatu vya shule na anauliza wale wapi. Watafika saa ngapi? Saa tisa hivi. Basi wapite moja kwa moja hadi kona ya nyuma ya duka la vyakula, waagize kari na wali, na chai ya lulu wainywe wakiwa njiani kurudi kwenye gari.