Kanda za bibi zanitoa jasho

Wiki nzima nahangaika kuingiza kwenye laptopu kanda za taarabu alizorekodi marehemu bibi harusini. Tundu la maiki lavuma kama stovu ya mafuta taa. Nikanunua kile kijidude cha USB cha shilingi 300 hapo Mwembe Tayari. Kumbe chapokea maiki tu, tena sauti ya upande mmoja! Fundi wa Kibokoni akacheka: "Mwanangu, kanda yataka tundu la laini, lile la kupokea sauti ya redio kaseti, si la maiki." Akaniuzia Behringer UCA202 iliyotumika, kijisanduku cha USB chenye tundu hilo. Ubora wake wa kurekodi ni biti 16, kHz 48, yatosha sana kwa kanda. Hizo kHz 192 za vifaa vya bei ni za kujigamba. Ukabaki mvumo mdogo. Nikachomoa chaja, kimya! Sasa nasikia hadi bibi akikohoa kabla ala ya udi haijaingia.