Mkebe wa Kimbo

Mama aliifunga mikebe miwili ya Kimbo, mafuta ya kupikia, ndani ya leso moja, yaani kanga, akaitia katikati ya nguo za baba isije ikagongana njiani. Chini yake alipanga miche ya sabuni na sukari kilo nne. "Tanzania hakuna kitu," alisema, kama walivyosema watu wote wa mtaani kwetu Mombasa mwaka ule wa 1984. Baba hakumjibu. Angeweza kumwambia kwamba kwao mafuta ya kupikia huchemshwa uani, na kwamba sabuni nayo hutengenezwa kwa mafuta hayohayo. Alinyamaza. Nadhani aliona aibu kwenda mikono mitupu, na mkebe wa Kimbo si mkono mtupu.

Baba ni mtu wa Ujiji. Alikuja Mombasa kijana, fundi wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, enzi ambazo kutoka Kigoma kwenda Mombasa kikazi kulikuwa kama kuhama chumba ndani ya nyumba ileile. 1977 Jumuiya ikavunjika, mpaka ukafungwa. Yeye keshaoa Mombasa, ana watoto watatu. Akabaki upande wa Kenya. Alikuwa amekwenda kwao mara ya mwisho mwaka 1976, peke yake. Babu alifariki 1980, na barua ikatufikia arobaini imeshapita. Nakumbuka aliisoma amesimama mlangoni, akaikunja, akaenda kazini.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Baba aliomba likizo Desemba ya mwaka uliofuata. Ule mwaka mmoja wa katikati nilikuja kuuhesabu nikiwa mtu mzima.

Mimi nilikuwa na miaka 12, ndiye mtoto wa kwanza wa kiume, basi nikachukuliwa mimi. Tulivuka Lungalunga, tukabadilisha magari hadi Tanga, kisha Dar es Salaam, na hapo tukapanda treni. Kutoka Dar hadi Kigoma ni zaidi ya kilometa 1,200, na sisi tulilala njiani siku mbili. Kilichonitia hofu ni Tabora. Treni ilikatwa vipande, mabehewa mengine yakaelekea Mwanza na mengine Kigoma, na mimi nilikuwa nimeshuka kununua maembe. Baba alinivuta dirishani kwa kola ya shati. Baada ya hapo sikushuka tena, hata Uvinza watu walipokuwa wakigombania chumvi.

"Mwisho wa reli," baba alisema tulipoingia Kigoma. Watu wa huko huupenda msemo huo, lakini yeye aliutamka kama fundi anayekagua kazi ya wenzake.

Baba yangu mdogo, ambaye Mombasa ningemwita ami, alikuwa akitusubiri stesheni. Alinishika bega. "Twende haraka. Bibi yako tangu juzi hajalala, anakusubiri wewe."

Hapa lazima nieleze. Kwetu Mombasa mama wa baba ni nyanya. Bibi ni mke wa mtu. Njia nzima kutoka Kigoma mjini hadi Ujiji nilikaa nyuma ya pikapu nikijiuliza ni lini baba aliniposea, na kama mama anajua. Tulipofika uani mwanamke mzee aliinuka kwenye mkeka, akanishika kidevu kwa mikono miwili. "Mume wangu! Ndiyo umenichelewesha namna hii?" Nyanya yangu wa Mombasa, mzaa mama, alikuwa mtu wa tasbihi, utani hana. Sikuwahi kuitwa hivyo na mtu. Nikajikaza, nikasema, "Shikamoo nyanya," na watoto wote uani wakaanguka chini kwa kicheko.

"Nyanya! Amemwita bibi nyanya!"

"Nyanya chungu!"

Jina hilo nilikaa nalo wiki tatu.

Baba alichutama mbele ya mama yake, akamwamkia. Aliitikia marahaba huku bado ameshika kidevu changu. Akamuuliza mkewe hajambo, watoto mmoja mmoja, kazi, hata mvua za Mombasa. Tukala ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani, iliyoungwa kwa mawese, mchuzi mwekundu hata nikaogopa kuchovya. Karabai ikawashwa. Ndipo bibi akasema, bila kumtazama mtu:

"Watu wa Baraka walikuja."

Baba akaacha kula. Baraka, kama Uvira, ni mji wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Zaire, Kongo ya leo.

"Babako alipokufa, watu wa Baraka walikuja msibani. Kwa mtumbwi, ziwa limechafuka. Wa Uvira nao wakaja."

"Mama, mpaka ulikuwa umefungwa."

"Mpaka." Alilitamka kama jina la mtu asiyemfahamu. "Unafungwaje? Una mlango?"

Hakuna aliyecheka. Baba mdogo alikohoa, akasogeza taa pasipo sababu.

"Hao walipiga kasia," bibi akasema. "Wewe ulikuwa na gari la moshi."

Akainuka akaenda kulala. Sijawahi kumwona baba amekaa kimya namna ile, na baba yangu ni mtu wa kimya. Alfajiri alitoka na mdogo wake kwenda makaburini. Mimi sikuchukuliwa. Alirudi na matope mekundu magotini, na bibi akaiondoa suruali ile kwenye kamba alikoitundika, akaifua mwenyewe, ingawa wasichana wa kufua walikuwapo wanne.

Siku zilizofuata zilikuwa zangu. Mtoto wa pwani ukimpeleka ziwani anajiona mwalimu. Asubuhi ya kwanza nilikaa ufukweni na kikapu nikisubiri maji yapwe niokote kaa. Wenzangu wakakaa nami, kwa adabu, hadi jua lilipokuwa kali ndipo mmoja akauliza tunasubiri nini. Nikawaeleza kupwa na kujaa. Wakanitazama kama nimesema nyumba yetu Mombasa huenda matembezini na kurudi jioni. Kisha nikayaonja maji. Mawimbi yale, upepo ule, na chumvi hakuna! Nilihisi nimedanganywa.

Ng'ambo, siku anga likiwa safi, milima ilionekana ya bluu. "Zaire," mtoto wa baba mdogo akasema. Nikamuuliza kama mpaka wake umefungwa au uko wazi.

"Nani afunge ziwa?" akasema, akarusha jiwe majini.

Walinipeleka pia kwenye mnara wa Livingstone, mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871. Shuleni tulikuwa tumelikariri jambo hilo hadi kuchoka. Mimi nilikumbuka zaidi maembe ya huko, maana ilikuwa msimu wake, kuliko wazungu wawili waliosalimiana chini ya mwembe.

Usiku wavuvi wa dagaa walipotoka na karabai zao, ziwa liligeuka mji. Dagaa hufuata mwanga, ndiyo maana mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hulala nyumbani. Asubuhi dagaa huanikwa mchangani. Desemba ni mvua, na wingu likionekana tu mtaa mzima hukimbia, wazee kwa watoto, kuwakusanya kabla hawajalowa. Siku moja nilimwona baba akikimbia nao, shati limetoka, ameshika kifagio, bibi akimfokea kwamba anawachanganya na mchanga. "Umesahau kila kitu wewe!" Baba alikuwa anacheka.

Kabla ya kuondoka alinipeleka bandarini kuiona Liemba. Hapo fundi alifunguka. Alinieleza jinsi Wajerumani walivyoiunda meli ile kwao, wakaifungua vipande wakaifunga makashani, ikasafirishwa hadi Kigoma ikaunganishwa upya. Jinsi walivyoizamisha wenyewe 1916 vita vilipowalemea, baada ya kuzipaka injini grisi. Na jinsi ilivyoopolewa 1924. "Miaka minane chini ya maji," alisema. Akatazama maji kidogo. "Minane. Na injini ikawaka."

Bibi alikuwa ameufungua mkebe mmoja wa Kimbo siku ya pili, akanusa, akawaita majirani. "Njooni muone mafuta meupe kama nta." Hakuyapikia hata siku moja. Wanawake walijipaka miguuni, wakasema ni mazuri kwa mipasuko ya visigino. Mkebe wa pili aliugawa kwa kijiko, nyumba kwa nyumba. Sabuni zetu alizifungia sandukuni na akaendelea kufulia gwanji, sabuni ya mawese ya palepale.

Siku ya safari alitutolea mkebe mmoja, umejaa mawese hadi juu, ameuziba kwa jani la mgomba na nailoni, ameufunga kwa leso ileile ya mama. Kwa baba alisema, "Mwambie mkwe wangu asiyaunguze." Kwangu: "Mume wangu, ukichelewa tena naolewa."

Mpakani, upande wa Kenya, ofisa aliushika mkebe akauliza Kimbo imetoka wapi hadi kurudi Kenya. Akafungua, akarudisha kichwa nyuma.

"Mzee, hii imekuwaje nyekundu?"

"Ni ya mama yangu," baba akasema, akachukua kifuniko akakikandamiza mwenyewe.

Mama hakujua ayafanyeje. Baba aliingia jikoni, mara ya kwanza maishani mwangu kumwona huko, akachemsha maharage, akayaunga, akakaa akala peke yake kwanza. Leso mama aliifua mara tatu kwa sabuni ya mche. Ile duara nyekundu ya kitako cha mkebe haikutoka.