Siku moja kiwandani: kwa nini visu vyangu ni vya springi

Saa 12 asubuhi. Kabla jua halijapanda nilikuwa nimeshafika kwa wauza vyuma chakavu wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa sababu springi za bapa zilizo nzuri huondoka mapema. Mimi ni mhunzi wa visu, na malighafi yangu karibu yote hutoka chini ya magari ya Kijapani yaliyochoka. Chuma kimojawapo kinachotumika sana Japani kwa springi hizo huitwa SUP9: kina kaboni ya asilimia 0.52 hadi 0.60, pamoja na manganizi na kromiamu, kila kimoja chini ya asilimia 1. Ndugu yake wa Marekani ni 5160. Hata hivyo, springi ya lori la Ulaya huenda ikawa na mchanganyiko mwingine, wala chuma chakavu hakiji na cheti, kwa hiyo sinunui kwa kutazama umbo tu. Springi iliyovunjika siichukui hata nikipunguziwa bei, kwani chuma kilichopinda na kujinyoosha kwa miaka barabarani huwa na nyufa ndogo ambazo jicho halizioni mpaka kisu kimekwisha kupozwa kwenye mafuta ili kiwe kigumu.

Saa 2. Kiwandani nilianza kwa kugusisha kila kipande kwenye jiwe la umeme la kusagia. Nondo ya ujenzi, yenye kaboni kidogo, hutoa cheche ndefu zilizonyooka. Springi hutoa cheche zinazopasuka mwishoni. Tupa kuukuu, ambayo kaboni yake hupita asilimia 1, hutoa cheche fupi zinazochanua kwa wingi. Kipimo hiki hakisemi ni chuma gani hasa, lakini kinatosha kumkamata mtu anayeuza nondo iliyofuliwa bapa kwa jina la springi. Kisu cha nondo hung'aa vizuri dukani, kisha, kwa uchache wa kaboni, hakishiki makali hata kikipozwa kwenye maji ya barafu.

Saa 3 hadi saa 5 nilifua. Springi hufulika vizuri ikiwa ya rangi ya machungwa. Ikishaingia wekundu uliofifia narudisha motoni, maana kuipiga ikiwa imepoa ni kuitafutia ufa. Nilipomaliza umbo niliipasha moto na kuiacha ipoe hewani, nikarudia kila mara kwa joto dogo kuliko la awali, ili chembechembe za chuma zilizokua kwa moto mkali ziwe ndogo tena. Wahunzi wengi huruka hatua hii kwa kuwa haionekani kwa mteja, na mimi naiona ndiyo inayotenganisha kisu na kipande cha springi chenye mpini.

Saa 5 na nusu aliingia kijana mchinjaji wa Vingunguti, akiwa na tupa kubwa iliyozeeka.

“Shikamoo, fundi. Naomba unitengenezee kisu kwa hii. Nimeambiwa tupa ndiyo chuma kigumu kuliko vyote.”

“Marahaba. Ugumu inao. Unanolea nini?”

“Kinoo cha kawaida, na kile cha mviringo ninachopitisha kila baada ya mnyama.”

“Na mifupa?”

Akacheka. “Mifupa ndiyo kazi yenyewe, fundi.”

Nilimweleza kwamba tupa hufikia ugumu wa 62 au zaidi kwa kipimo cha Rockwell, na kwamba kisu cha namna hiyo hukaa na makali muda mrefu, lakini kikigonga kiungo cha paja hutoka mapengo, na pengo haliondoki kwa kinoo chake cha mviringo. Springi mimi huilenga kwenye 56 au 57. Itapoteza makali mapema kuliko tupa, nakiri, lakini makali yake hujikunja badala ya kumeguka, na mikono miwili mitatu ya kinoo huyarudisha. Kwa mtu anayenoa mara nyingi kwa siku, sioni faida ya chuma kisichotaka kunolewa. Aliniachia tupa yake na kuagiza kisu cha springi.

Saa 8, baada ya chakula, nilifunga madirisha, kwani rangi ya moto haisomeki kwenye mwanga. Nilipasha bapa la kisu nililofua asubuhi, ambalo sasa lilikuwa la mchinjaji, mpaka sumaku ikaacha kulishika, jambo linalotokea kwenye nyuzijoto 770 hivi, nikaendelea hadi kama 830, kisha nikalizamisha kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa kidogo. Maji hupoza kwa kasi mno kwa chuma hiki, na mlio wa bapa kupasuka ndani ya ndoo hausahauliki. Tupa ikateleza juu ya makali bila kuyakwaruza, ishara kwamba yameshika. Baada ya hapo bapa likakaa kwenye oveni ya umeme kwa nyuzijoto 200 hivi, mara mbili, saa moja kila mara, ili lipunguze wepesi wa kuvunjika.

Saa 9 na nusu alikuja muuza samaki wa Feri, naye akitaka springi. Huyu nilimkatalia. Maji ya chumvi huila springi kwa kutu usiku mmoja, na anachohitaji ni chuma kisichoshika kutu, chenye kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, cha ukoo ule alioutambua mtaalamu wa vyuma Harry Brearley kule Sheffield, Uingereza, mwaka 1913. Chuma hicho hutaka joto la zaidi ya nyuzi 1,000, lililotulia sawasawa, na moto wangu wa mkaa hauna utulivu huo. Nilimshauri anunue kisu cha kiwandani chenye alama X50CrMoV15, ambacho kaboni yake ni kama asilimia 0.5 na kromiamu kama 15. Wanaodai kwamba chuma kisichoshika kutu hakinoleki wamezoea vile vya bei ya chini kabisa.

Saa 11 jioni nilinoa kisu cha mchinjaji na kukikandamiza ubavuni juu ya ufito wa shaba. Makali yakapinda kidogo, yakarudi. Yangebaki yamepinda ningejua ni laini, na yangemeguka ningekirudisha kwenye oveni kwa joto kubwa zaidi. Ile tupa nimeiwekea alama ya chaki: kesho naifua iwe kisu cha fundi viatu, ambaye hukata ngozi juu ya ubao na hakutani na mfupa.