Kumbukumbu ya metta: mtu mgumu amenipisha

Hatua ya mtu mgumu katika metta, yaani tafakuri ya Kibuddha ya kujitakia na kuwatakia wengine mema, imefunguka hatimaye, nami naiandika ingali mbichi. Wanaofanya metta wanaujua mfuatano: nafsi yako, aliyekufadhili, rafiki, mtu usiyempenda wala kumchukia, kisha yule aliyekuumiza. Nne za mwanzo zilinikubali zamani. Hii ya tano ilikataa katakata.

Kila mara mambo yalikwenda vilevile. Nilitamka kimoyomoyo "uwe salama" huku sura yake iko mbele yangu, na kabla sijafika "uwe na amani" taya lilikuwa limekaza, ulimi umeng'ang'ania kaakaa, pumzi imepanda kifuani, na akili imeshaanza kumjibu yale ambayo sikumjibu siku ile. Ushauri uliozoeleka, wa kumrudia rafiki mpaka moyo ulainike ndipo umjaribu tena, ulinituliza kwa muda tu. Nilimwazia pia akiwa mtoto mchanga, nikaishia kumhurumia mtoto wa kubuni, ilhali hasira dhidi ya mtu mzima ilibaki palepale. Inachosha kuketi kwa nia njema na kuinuka ukiwa na hasira kuliko ulivyoketi.

Dawa niliipata kwa Buddhaghosa, mtawa aliyeandika nchini Sri Lanka katika karne ya 5, ambaye ametoa orodha ndefu ya tiba za chuki. Mojawapo ni kumchambua mtu sehemu kwa sehemu: unapomkasirikia, je, unazikasirikia nywele zake, au kucha, au meno? Ukiisoma upesi utaiona kama hoja ya mabishano, lakini ukiketi nayo polepole inafanya kazi mwilini. Nilianza na nywele, nikaenda kwenye kucha, na nilipoufikia mkono wake niliona wazi kwamba mkono ule haukunitenda lolote. Kilichosalia kilikuwa sentensi moja, iliyotamkwa kwa sauti fulani, na sauti yenyewe ilikwisha kupita. Taya likalegea lenyewe. "Uwe salama" ikatoka bila kulazimishwa, na nikaweza kuirudia hadi kengele ilipolia.

Kengele hiyo ni ya kawaida kabisa, isiyo na maelezo wala muziki. Programu za simu zenye sauti ya kuongoza zinafaa sana katika hatua ya rafiki, ila kwa mtu mgumu zinakuhamisha kabla hujamaliza kuona kilichokukaza. Shanga nazo nimeziweka kando, kwa kuwa vidole huendelea kuhesabu hata moyo ukiwa umekwama. Niongeze kwamba mtu wangu ni wa maudhi ya kila siku. Aliyetendewa ukatili sioni kwa nini aharakishwe kufika hapa, wala kwa nini afike peke yake.

Nilipanga kuendelea na viumbe wote wa pande zote za dunia, lakini mpango huo umeahirishwa, kwa sababu orodha ya Buddhaghosa inamalizikia kwenye tiba iliyoniteka: kumpa mtu huyo zawadi, au kupokea yake. Nimeshachagua kitu, tena ninachokipenda mwenyewe, na kwa sasa naketi nikimwona akikipokea bila neno la shukrani, kwa kuwa hapo ndipo taya linapoanza kukaza upya.