Kanga walionikunjamania

Kanga watatu niliowachora walikunjamana usiku mmoja. Jioni niliwaacha wanang'aa, madoadoa meupe yametulia mgongoni. Asubuhi nilipofungua mlango nikakuta rangi nyeusi imejikunja kama malai juu ya maziwa, na madoa yamekwenda upande. Mteja alikuwa anakuja kuichukua picha baada ya siku nne.

Nachora picha za mtindo wa Tingatinga nyumbani, Mbagala, katika chumba cha futi 10 kwa 10. Mchana ni karakana, usiku alikuwa analala humo mdogo wangu. Ilikuwa Aprili, mvua za masika zimekaza. Nilifunga dirisha maji yasiingie, nikapaka tabaka la kwanza zito ili nisirudie, kesho yake nikapandisha la pili kwa sababu nililigusa nikaona haligandi kidoleni.

Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kambani. Kwanza tapentaini inayoilainisha rangi inaruka, halafu mafuta yenyewe yanafyonza hewa na kugeuka kuwa magumu, kazi ya siku kadhaa. Juu hushika mapema na kufanya ganda, chini bado mbichi. Ukipaka tena wakati huo, tapentaini ya tabaka jipya inapenya kwenye ganda, ganda linavimba, na likishakosa pa kutanukia linajikunja. Rangi ikiwa nene, chumba kimefungwa na hewa ina maji, ya siku moja inataka tatu au nne.

Nilikuwa nimeshachovya brashi nifunike mikunjo ile. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa amepita kunijulia hali, akanishika mkono. "Mwanangu, usiifukie. Hii ni mbichi mpaka chini."

Tulikwangua kanga wote watatu. Kilichonichoma si rangi iliyopotea, ni zile saa za kuweka doa moja moja. Nikampigia mteja simu nikamweleza ilivyokuwa, nikaomba wiki mbili. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, bora nipate iliyokamilika." Nikaiacha picha ipigwe na hewa siku sita, nikaipitisha msasa laini wenye maji, nikapaka upya tabaka jembamba jembamba. Tangu hapo sihesabu siku tu. Nabonyeza ukucha pembezoni, pale fremu itakapofunika. Ukucha ukiacha alama, nasubiri.

Yapo mengine. Siku moja nilinunua thina ya kupulizia magari nikidhani ni sawa na tapentaini, na ikaniyeyushia mandhari yote ya chini. Hilo nililimaliza kwa kusoma kopo kabla ya kulipa. Kumbikumbi nao walinisumbua sana: mvua ikikatika jioni wanafuata taa, wanatua kwenye rangi mbichi. Nilikuwa nawang'oa palepale na kuharibu zaidi. Waache. Rangi ikikauka kabisa, mabawa yanatoka kwa msasa kidogo na doa linazibika.

Lakini lililonitisha kuliko yote ni matambara. Wakati fulani nilikuwa nachanganya rangi na mafuta ya kitani ili itambae vizuri, na matambara ya kufutia nayarundika kwenye ndoo chini ya meza. Jioni moja nikasikia harufu ya kuungua. Nilipotia mkono ndani, katikati palikuwa pa moto, na hakuna aliyewasha kiberiti. Mafuta hayo yanapokauka yanatoa joto. Tambara likiwa peke yake joto hupotea hewani, yakirundikana hujikusanya mpaka yanaweza kuwaka yenyewe. Niliyamwagia maji uani huku natetemeka, maana mdogo wangu alikuwa amelala hatua mbili kutoka kwenye ndoo ile.

Usiku uleule nilimhamishia sebuleni. Alikuwa ameshalalamika siku nyingi kwamba anaamka na kichwa kinauma, mimi nikidhani ni uchovu wa shule, kumbe ni mvuke wa rangi zangu. Asubuhi za siku zilizofuata hakulalamika tena. Hilo naliona zito kuliko picha yoyote niliyoharibu.

Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968, alifanyia kazi nje, na rangi zilikuwa hizihizi za kung'aa, juu ya vipande vya hadibodi. Mimi nilikuwa nimezifungia chumbani pamoja na mtoto. Nikamwita fundi akaezeka bati nyuma ya nyumba, kando ya ukuta, nikatundika chandarua kikuukuu mbele yake kuzuia wadudu na vumbi. Ndani nachorea dirisha likiwa wazi, kukaushia ni huko nje. Matambara nayatandaza moja moja kwenye waya, yakikakamaa ndipo nayatupa.

Kanga walichukuliwa siku ya 13. Sasa hivi nyuma ya nyumba kuna twiga wawili na tembo mmoja. Twiga wako tayari. Tembo nitambonyeza ukucha keshokutwa.