Farasi wa iventi mimi naanza kumtazama miguuni

Iventi ni yale mashindano farasi mmoja anafanya kazi tatu: dresaji, yaani kwenda kwa utulivu na mpangilio, kroskantri, yaani kukimbia na kuruka vizuizi vya nje kama magogo, halafu kuruka vizuizi vya uwanjani. Jana kuna kijana kaniuliza, mzee, ukitumwa kumtafutia mtu farasi wa iventi unaangalia nini kwanza? Nikamwambia kwato na miguu. Alidhani ntasema vile anavyoruka, na si yeye tu, wengi wanaokuja kununua wanataka waonyeshwe anaruka, akipita juu vizuri wanatoa pesa, mguu hata hawajaushika.

Mimi naushika. Napitisha mkono nyuma ya mguu wa mbele kutoka goti kushuka, polepole, halafu ule mwingine, nalinganisha, na kama kuna joto upande mmoja ama kauvimbe kadogo basi hata kama hachechemei simchukui, manake kano ikishaumia itarudi kuumia ukianza kumkimbiza na kumrusha kwenye ardhi ngumu. Hapa Nairobi farasi wetu wengi wametoka kwa mbio za Ngong kwa hivyo hii usiipite haraka. Uzuri wao ni kwamba pumzi wanayo na shoti wanaijua. Dresaji ndo kazi, amezoea kuegemea lijamu na kuvuta, sasa unamtaka aende mwendo wa matiti, ule wa kukimbia polepole, ametulia, shingo laini, hapo andaa miezi na subira.

Lakini ukinibana niseme kitu kimoja tu ntasema ujasiri. Piga hesabu. Siku ya vizuizi vya uwanjani akiangusha fito moja ni pointi 4 za adhabu. Kwa kroskantri akikataa kizuizi mara moja ni pointi 20, yaani fito tano hizo, na kila sekunde ukichelewa unaongezewa 0.4. Halafu yale magogo ya kroskantri hayaanguki kama fito, kwa hivyo simtaki mwoga na pia simtaki yule anajitupa tu bila kuangalia, namtaka yule anasimamisha masikio, anapima, na anajiokoa mwenyewe hata kama aliyempanda amekosea hatua.

Urefu usikusumbue sana. Charisma wa Mark Todd, yule mpanda farasi wa New Zealand, alikuwa farasi mdogo na Todd mwenyewe ni mtu mrefu, lakini walichukua dhahabu ya Olimpiki mara mbili mfululizo, 1984 Los Angeles na 1988 Seoul!

Kuna jike mmoja mwekundu nilienda kumwona baada ya mvua kubwa, mwenyewe ananiambia huyu hana shida yoyote. Nikamtoa kwa kamba nikampeleka mpaka kwa dimbwi katikati ya njia, sikumvuta. Akasimama. Akashusha kichwa akanusa, akayapiga maji kwa kwato mara moja, kisha akaingia mwenyewe, akasimama hapo katikati masikio mbele kama anangoja niseme twende wapi. Miguu nilikuwa nimeshaishika, yote minne baridi. Nikampigia simu aliyenituma palepale nikamwambia alete trela.